Wasifu wa mpendwa aliyefariki: uliza kwanza, andika baadaye

Wasifu mwingi unaosomwa mazikoni ungemfaa karibu mtu yeyote ukibadilisha jina na tarehe. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akapata familia, akaugua, akafariki. Mahali fulani katikati panachomekwa kwamba alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu. Waliomjua wanasikiliza kwa adabu, lakini hawamwoni. Kwa mtu aliyekuwa kipenzi cha wengi, yule ambaye kila mmoja anaamini alikuwa rafiki yake kuliko wa wengine, hasara hiyo ni kubwa, maana uzuri wake wote ulikuwa kwenye mambo madogo yasiyo na cheti.

Chanzo chake kinajulikana. Kazi anaachiwa mtu mmoja, mara nyingi mtoto aliyesoma au mpwa mwenye kompyuta, usiku wa kuamkia maziko, naye anaandika kilichopo kichwani. Kichwa cha mfiwa siku hizo hakikumbuki vizuri, kinakumbuka hospitali. Kwa hiyo usifungue kompyuta kwanza. Chukua simu na uulize watu. Muda wa saa tatu wa kuuliza na saa moja ya kuandika utakupa wasifu bora kuliko saa nne za kukodolea macho ukurasa mtupu.

Nani aulizwe, na aulizwe nini

Watu sita hadi wanane wanatosha. Ukizidi hapo masimulizi yanaanza kujirudia na muda unakuishia. Wachague kutoka pande tatu: nyumbani, kazini, na nje ya hizo mbili, yaani jirani, mwanafunzi mwenzake, mwenzake wa kwaya au wa timu, mtu aliyekuwa akisafiri naye. Upande huu wa tatu ndio unaosahaulika, na ndio wenye utajiri. Rafiki wa siku nyingi apigiwe simu mapema kabisa, kwa kuwa yeye alimjua kabla hajawa mama, baba au mjomba wa mtu. Watoto hawajui mzazi wao alikuwaje akiwa na miaka ishirini, na hilo huwafariji sana kulisikia.

Usiulize "Alikuwa mtu wa namna gani?" Swali hilo linaleta orodha ya sifa: mpole, mchapakazi, mwenye upendo. Uliza maswali ambayo jibu lake ni dogo na la kushikika:

- Akipokea simu alianza na neno gani?
- Ukimtembelea bila taarifa, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa nini?
- Alikuwa na kiti chake? Akikuta mtu amekikalia, ilikuwaje?
- Ni jambo gani dogo lililokuwa likimuudhi?
- Alikufundisha kufanya nini kwa mikono yako?
- Mara ya mwisho mlicheka pamoja, mlicheka nini?

La maudhi lisikutie aibu kuliuliza. Mtu anayependwa huwa na vituko vyake ambavyo nyumba nzima inavijua, na ndivyo vinavyowafanya watu watabasamu huku wanafuta machozi. Msemaji akishajibu, nyamaza kidogo. Jibu la kwanza huwa ni lile analompa kila mtu. La pili, linalokuja baada ya kimya, ndilo lake mwenyewe.

Sifa zikija tu, zifuate kwa maswali mafupi: kwa nani, lini, kwa kitu gani. Tuseme mtu amekwambia, "Alikuwa anajali watu." Ukimfuata unaweza kupata kwamba alikuwa na daftari la siku za kuzaliwa za ukoo mzima, alipiga simu saa kumi na mbili asubuhi kabla mtu hajatoka kitandani, hakuimba, aliuliza tu, "Haya, umezeekaje leo?" Hapo neno "kujali" huna haja nalo tena. Kipimo chake ni chepesi: funika jina, msomee mtu aliyemfahamu sentensi hiyo moja. Akimtambua, ibaki. Akikuuliza "huyo nani?", ikate hata kama imeandikwa vizuri.

Unayezungumza naye ana kwa ana, mwombe ruhusa urekodi. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, la sivyo mtu atakupigia katikati na rekodi itakatika. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 hivi kutoka kwa msemaji. Ikikaa juu ya meza tupu kila kikombe kinachowekwa kitasikika kama nyundo. Ukimaliza tu, lipe faili jina lenye mwaka, mwezi, siku na jina la msemaji. Faili zinazoitwa "Rekodi 1" hadi "Rekodi 14" hakuna atakayezifungua tena.

Tarehe, majina, na mahali panapozuka ugomvi

Tarehe zote zitoke kwenye karatasi: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, barua ya ajira. Karatasi hizo zikipingana, na kwa wazee hupingana mara nyingi, usichague kwa kubahatisha. Tarehe ya 1 Januari kwenye nyaraka za mzee mara nyingi ina maana kwamba karani hakuambiwa siku, akajaza. Katika hali hiyo tumia mwaka peke yake, na uwe huohuo kila mahali: kwenye wasifu, kwenye kijitabu, kwenye tangazo na kwenye kibao cha kaburi. Kosa la kwenye karatasi linasahaulika. La kwenye jiwe litasomwa na vitukuu.

Orodha ya walioachwa ndiyo sehemu hatari kuliko zote. Andika majina ya watoto kwa mfuatano wa kuzaliwa, pamoja na waliozaliwa nje ya ndoa, waliolelewa kama watoto wa kuzaa, na waliomtangulia kufa. Wajukuu wahesabuni kwa majina kwenye karatasi, kwa maana idadi ya kukumbuka kichwani huwa inapungua mmoja au wawili. Kisha fuata kanuni moja: ama taja wote kwa majina, ama taja idadi tu. Kinachoumiza ni kutaja watatu kati ya kumi na mmoja na kumalizia na "wengineo". Kabla haijachapwa, orodha ipitiwe na watu wawili, mmoja wa upande wa marehemu na mmoja wa upande wa mwenza wake, kila mmoja aweke tiki mbele ya kila jina. Tahajia ya jina ifuate jinsi mwenyewe anavyoliandika.

Wakishindwa kukubaliana nani awemo, fupisha: "Ameacha watoto, wajukuu na ndugu wengi." Mambo ya urithi na ndoa za zamani yana mahali pake, na kaburini sipo.

Kuhusu kilichomuua, iwepo sentensi moja ambayo familia ya karibu imeikubali, na kila anayesimama aitumie hiyohiyo. Ikiwa alijiua, usieleze njia aliyotumia na usilete sababu moja kana kwamba inaeleza kila kitu. Shirika la Afya Duniani linawapa waandishi wa habari maelekezo hayohayo, kwa sababu maelezo ya njia yanaweza kumsukuma msikilizaji ambaye naye yuko katika hali ngumu.

Toleo linalowekwa mtandaoni liwe na mambo machache kuliko linalosomwa. Ondoa siku kamili ya kuzaliwa, majina ya mama yake mzazi, anwani ya nyumba na namba za simu. Hayo ndiyo majibu ya maswali ya usalama ya benki, na matapeli wanayasoma matangazo ya vifo. Saa ya maziko ikiwekwa pamoja na anwani ya nyumbani, mmemtangazia mwizi muda ambao nyumba itakuwa tupu.

Urefu na mgawanyo

Kiswahili kinachosomwa kwa utulivu mbele ya wafiwa huenda kwa takriban maneno 100 kwa dakika. Dakika sita, ambazo ni muda mzuri, ni maneno 600. Mgawanyo unaofaa ni huu: maneno 100 kwa ukoo, kuzaliwa na shule, 100 kwa kazi, 300 kwa mtu mwenyewe, tabia zake na watu wake, 50 kwa ugonjwa, 50 kwa walioachwa. Wasifu wa kawaida umegeuza hesabu hiyo juu chini: kozi na vyeo vinachukua nusu, mtu mwenyewe anapata mistari miwili. Orodha ya vyeo ipelekwe kwenye kijitabu, huko wanaotaka wataisoma.

Ugonjwa nao hupenda kumeza nafasi kwa kuwa ndio ulio karibu kwenye kumbukumbu. Fanya hesabu. Mtu wa miaka 70 ameishi miezi 840. Aliyeumwa miezi minane, ugonjwa wake haukufika hata asilimia moja ya maisha yake. Kuusimulia ugonjwa kwa nusu ya wasifu, na majina ya wadi na vipimo, ni kumwonea. Shukrani kwa madaktari, majirani na kamati zisomwe na mtu mwingine peke yake. Zikiambatanishwa na wasifu, kinachobaki masikioni mwa watu ni majina ya kamati.

Kuhusu mpangilio, si lazima uanze na "alizaliwa". Kwa maoni yetu, sentensi mbili za tabia yake inayojulikana na wote zikitangulia, watu wanatega masikio, kisha tarehe zinafuata bila kuchosha. Pale ambapo waandaaji wanataka mfuatano rasmi, ufuate, ila kila hatua ipate jambo lake moja dogo: shuleni alikuwa anakaa dawati la wapi na nani, kazini alikuwa anawaitaje wenzake.

Usimfanye malaika. Waliomjua watajua unadanganya, na wataacha kuamini hata yale ya kweli. Sentensi kama "Hasira zake zilikuwa za haraka, na kuomba radhi kwake kulikuwa kwa haraka vilevile" inampenda mtu kuliko aya nzima ya sifa. Mipaka nayo ipo: madeni, siri alizokuambia kwa kukuamini, na kumpiga mtu kijembe. Jiulize kama ungelisema jambo hilo naye mwenyewe akiwa amekaa safu ya mbele anakutazama. Mzaha unapita kwenye kipimo hichohicho. Ule aliokuwa akijitania mwenyewe ni salama, ule aliotaniwa nyuma ya mgongo wake si salama.

Kama wasemaji ni zaidi ya mmoja, gawaneni mapema: rafiki achukue ujana, mwenzake wa kazi achukue kazi, mtoto achukue nyumbani, dakika tatu kila mmoja. Bila hivyo wote watatu watasimulia kisa kilekile, kwa kuwa ndicho kinachojulikana zaidi, na wa tatu atabaki amesimama hana la kusema.

Siku ya kusoma

Msomaji si lazima awe mfiwa wa karibu kabisa. Awe mtu anayeweza kufika mwisho, na awe na msaidizi aliyekaa karibu mwenye nakala ileile. Mkubaliane ishara: msomaji akimkabidhi karatasi au akishika bega lake, msaidizi anaendelea kutoka mstari huohuo bila maelezo.

Chapisha kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi ya mstari mmoja na nusu, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba na bila kubanwa pini. Theluthi ya chini ya kila ukurasa iachwe wazi. Ukisoma mpaka chini kabisa kidevu kinashuka, na sauti inashuka nacho. Kila ukurasa uishie na nukta, usikate sentensi katikati. Kwa mpangilio huo maneno 600 yatachukua kurasa nne hivi. Usisomee kwenye simu: skrini inazima, jua linaua mwanga wake, na siku hiyo kuliko siku zote simu haitaacha kuita.

Soma kwa sauti mara tatu kabla, moja ikiwa mbele ya mtu. Utagundua sauti haikatiki pale ulipodhani. Mara nyingi hukatika kwenye jina, hasa la mtoto mdogo au la utani, na mara chache kwenye sentensi ya kifo. Weka alama ya mkwaju (/) kwa kalamu kabla ya kila mahali pa namna hiyo, na ukifika simama kwa makusudi. Koo likibana, usilisukume; kusema juu ya koo lililobana ndiko kunakoleta kilio. Toa pumzi polepole mpaka iishe, inua macho, piga funda la maji, endelea. Kimya cha sekunde kumi ni kirefu kwako peke yako. Kipaza sauti kiwe umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, na kijaribiwe kabla watu hawajajaa.

Picha na kijitabu

Kijitabu cha A5 kinatokana na karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, hivyo kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne: 4, 8 au 12. Ukipeleka kurasa 10, mchapaji atakuletea mbili tupu au atabana maandishi bila kukuuliza. Mpelekee PDF, na uombe nakala moja ya majaribio iliyochapwa. Jina kwenye jalada lisomwe herufi kwa herufi na mtu ambaye hakuliandika.

Picha ya jalada ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu nzuri kuliko zote huwa ni ile ndogo ya pasipoti. Picha ya sentimita 3.5 kwa 4.5 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi haitakuzwa bila kuwa na ukungu. Iskani kwa 1200. Utapata takriban pikseli 1650 kwa 2125, zinazotosha kuchapa sentimita 14 kwa 18 kwa ukali unaofaa. Picha za kawaida zinazochapwa kwa ukubwa uleule zinatosha kwa 300. Bango la A4 lenye picha kamili linahitaji pikseli 2480 kwa 3508.

Kama skana haipo, simu inatosha. Weka picha karibu na dirisha lenye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja, zima flashi, shika simu ikiwa sambamba kabisa na picha. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue, rangi itabaki kwenye kioo. Ipige ikiwa hapohapo. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama faili la hati, kwani ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na ikipita kwa watu watano huwa haifai kuchapwa. Picha za asili zikiazimwa, andika nyuma jina la mwenye nayo kwa penseli laini, kwa wepesi. Wino wa kalamu unaweza kupenya au kuchapa kwenye picha inayofuata. Mgongo ukiwa na utelezi unaokataa penseli, andika kwenye bahasha na uiweke humo.

Sauti yake, kabla haijapotea

Familia zinakusanya picha na kusahau sauti. Sauti yake iko kwenye simu za watu: ujumbe wa sauti wa kusalimia, wa kulalamika, wa kuuliza umefika salama. Ndani ya juma la kwanza mwombe kila ndugu na rafiki akutumie alizonazo, kisha uzihifadhi nje ya programu ya ujumbe. Simu zinaibwa, zinaingia maji, zinabadilishwa, na baadhi ya mazungumzo yamewekwa yajifute. Ujumbe wa kawaida una thamani kuliko wa sherehe. Ule wa sekunde 20 anaokuuliza funguo umeziweka wapi ndio watoto watakaotaka kuusikia.

Laini yake ya simu usiikatishe haraka. Namba za uthibitisho za benki, barua pepe na akaunti nyingine zinakuja humo, na laini ikifungwa namba inaweza kugawiwa mtu mwingine. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 hufutwa. Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2, pamoja na picha zilizohifadhiwa humo. Facebook huigeuza akaunti kuwa ya kumbukumbu ikipata uthibitisho wa kifo; mtu aliyeteuliwa na mwenye akaunti enzi za uhai wake anaweza kubadilisha picha ya wasifu na kuweka tangazo, lakini hawezi kusoma ujumbe wa faragha. Wenye simu za Apple wanaweza kuteua mrithi wa akaunti, ambaye atahitaji ufunguo maalumu na cheti cha kifo. Uteuzi huo unafanywa na mtu aliye hai, kwa hiyo ni jambo la kuwaambia waliobaki.

Kila kitu kiwe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski mbili kwenye kabati moja ni nakala moja, mafuriko au moto hautazichagua.

Nguo moja iachwe bila kufuliwa. Baada ya wiki chache kuna mtu ndani ya nyumba atatafuta harufu yake, na atakuta shangazi mwenye nia njema amefua zote. Hakikisha ni kavu kabisa, itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, toa hewa, ifungwe. Ikiwa na unyevu itaota kuvu.

Yaliyobaki kwenye daftari

Mahojiano ya watu wanane yatakupa maneno maelfu, na wasifu umetumia 600. Yaliyobaki yachapwe, kila simulizi likiwa na jina la msemaji na tarehe, kwa maneno yake mwenyewe bila kumnyoosha Kiswahili chake. Mtumie kila aliyezungumza sehemu yake, mpe mwezi mmoja wa kurekebisha. Wapo watakaokumbuka zaidi wakishasoma, na mwezi wa pili au wa tatu, wageni wakishaondoka na simu zikishapungua, ni wakati mzuri wa kuwapigia tena. Watu wawili wakisimulia kisa kimoja kwa namna mbili, weka zote mbili, moja chini ya nyingine, na usiamue nani yuko sahihi.